Hatujawahi Kumwona Eve Akiigiza

Filamu ya All About Eve, iliyoandikwa na kuongozwa na Joseph L. Mankiewicz na kutolewa na studio ya 20th Century Fox mwaka 1950, husifiwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa filamu bora zilizowahi kutengenezwa Marekani kuhusu ulimwengu wa tamthilia, na sifa hiyo siipingi. Ninachopinga ni namna tulivyozoea kuisimulia, kwamba ni kisa cha binti mnafiki aliyekaribishwa kwa wema nyumbani kwa nyota wa jukwaa, Margo Channing, kisha akamnyang'anya mwenyeji wake kila alichoweza kumnyang'anya. Usimulizi huo unamwachia Eve Harrington lawama zote, ilhali filamu yenyewe imezigawa kwa watu wengi zaidi.

Kwanza kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulipita bila kuligundua: katika filamu hii ya zaidi ya saa mbili inayohusu waigizaji, haionyeshwi hata sehemu moja ya tamthilia ikiigizwa jukwaani. Margo tunamwona akiinama kupokea makofi, kazi ikiwa imekwisha. Kuhusu Eve tunasimuliwa tu. Anaposoma maneno ya Margo kwenye majaribio, sifa zake tunazisikia kutoka kwa mhakiki Addison DeWitt, anayezimwaga polepole mbele ya Margo mwenyewe nje ya ukumbi, huku akifurahia kila neno linavyomchoma. Mankiewicz ametunyima jukwaa ili tutazame uigizaji unaofanyika kwingineko, yaani kwenye vyumba vya kuvalia, kwenye ngazi za sherehe na kwenye viti vya gari.

Uigizaji mkubwa kuliko wote wa Eve ndio huo anaoufanya usiku wa kwanza katika chumba cha Margo. Margo amepaka krimu usoni na nywele amezibana, hana urembo wowote, naye Eve amesimama na koti lake la mvua akisimulia kiwanda cha bia cha Milwaukee na mume aliyefia vitani Pasifiki. Wote wanalainika. Ni Birdie tu, mhudumu wa Margo ambaye naye aliwahi kuwa msanii wa maonyesho ya vichekesho, anayetoa kejeli, naye anakaripiwa. Wahenga walituachia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu mgeni hakungoja kupewa jembe, alilichukua mwenyewe na kulima shamba zima, tangu barua za Margo hadi simu ya kumtakia mpenzi wake heri ya siku ya kuzaliwa, simu ambayo Margo hakujua kama imeagizwa kwa jina lake.

Je, uongo huo wote ulihitajika? Filamu inakiri kwamba Eve ana kipaji, kwa sababu inaanza na kumalizia kwenye usiku anaopewa tuzo kubwa ya jukwaa. Mtu mwenye kipaji kama hicho kwa nini aingie kwa mlango wa nyuma? Jibu langu ni kwamba hakuonyeshwa mwingine. Tamthilia zinaandikwa na Lloyd, zinaongozwa na Bill, mpenzi wa Margo, zinagharimiwa na Max na kuhukumiwa na Addison, na ndani ya mpangilio huo kuna kiti kimoja tu cha mwanamke. Margo ametimiza miaka 40 na bado anatarajiwa kuigiza wasichana wa miaka ishirini na kitu, wakati Bill ana miaka 32 na hakuna anayemhesabia. Wanaume hao wanne hawana anayewanyemelea nyuma ya pazia, kwa kuwa viti vyao havitegemei ngozi ya uso.

Mtazame pia Bi Casswell, nafasi ndogo iliyoigizwa na Marilyn Monroe kabla hajawa maarufu. Huyu hafichi anachokitaka. Anaelekezwa aliko mtoa fedha, anamfuata kwa tabasamu, na kila mtu anamcheka. Kwa hiyo anayetaka waziwazi anakuwa kichekesho, na anayejifanya hataki chochote anapewa nafasi ya mwigizaji wa akiba. Eve alilielewa somo hilo haraka kuliko walimu wake.

Na nafasi yenyewe ya kupanda jukwaani aliipata kwa mkono wa nani? Wa Karen, rafiki mpenzi wa Margo, aliyetoa petroli kwenye tangi la gari ili Margo akwame njiani na alikose onyesho, eti kumtia adabu kidogo. Halafu Addison, anayefichua kwamba jina la Eve ni Gertrude Slescynski na kwamba mume wa vitani hakuwahi kuwapo, haufichui ukweli huo kwa ajili ya haki. Anautumia kumtangazia Eve kwamba sasa ni mali yake. Kwangu mimi huyo ndiye mnyang'anyi aliyekamilika zaidi katika filamu nzima.

Yaliyotokea nje ya filamu hayako mbali na hayo. Bette Davis, aliyekuwa na miaka 42 na aliyekuwa ameachana na studio ya Warner Bros. mwaka uliotangulia, alipata nafasi ya Margo kwa sababu Claudette Colbert, aliyekwisha kuchaguliwa, aliumia mgongo. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar 14 na ikashinda sita. Wanawake wake wanne waliteuliwa, Davis na Anne Baxter, aliyemwigiza Eve, wakishindana wao kwa wao katika kundi moja, na hakuna hata mmoja aliyeshinda. Tuzo pekee ya uigizaji ilimwendea George Sanders kwa kumwigiza Addison.

Ndiyo maana tukio la mwisho, ambapo msichana mwingine aitwaye Phoebe anavaa joho la Eve mbele ya vioo na kuinamia watazamaji wasiokuwapo, hunikera licha ya umaridadi wake. Linatufanya tuamini kwamba wanawake huliana hivi kwa maumbile, kizazi baada ya kizazi, na wale waliotengeneza kiti kimoja wanaondoka bila kuulizwa. Mwaka 1970 kisa hiki kilipandishwa Broadway kama tamthilia ya muziki, Lauren Bacall akiwa Margo. Mwaka uliofuata Bacall alipoiacha nafasi hiyo, aliyeishika alikuwa Anne Baxter, Eve yule yule wa 1950, akiwa na miaka 48. Aliichukua kwa mkataba, mchana kweupe.