Seva iko Nairobi, fomu ya gavana iko mlangoni

Agosti 2022, foleni niliyopanga hapa Lamu ilisimama kwa ajili ya kidole kimoja. Mzee aliyekuwa mbele yangu, mvuvi wa mshipi tangu ujana wake, aliweka kidole gumba kwenye kile kifaa cha kutambua wapiga kura, kikakataa. Akakipangusa kwa kikoi, kikakataa tena. Karani akamwambia, "Jaribu cha shahada, baba." Wapi! Mshipi ulikuwa umeshakula mistari ya vidole vyake miaka mingi iliyopita. Mwishowe ikaingizwa nambari ya kitambulisho, jina na picha yake vikatokea, ikajazwa Fomu 32A, ile ya mpiga kura ambaye kidole hakikutambuliwa, akapewa karatasi zake za kura. Nyuma yangu mtu akanung'unika, "Si bora lile daftari la zamani?" Akajibiwa papo hapo: "La zamani ndilo walilopigia kura marehemu."

Wote wawili walisema kweli, ndiyo maana mjadala huu wa mashine na daftari la karatasi hauishi pale Mkunguni, uwanja wetu wa barazani hapa mjini Lamu, mpaka buli la kahawa likauke.

Tuanze na huyo wa pili. Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyomwagika, Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilikadiria kuwa daftari la wapiga kura lilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2. Mtu aliyekufa hana kidole cha kuweka kwenye mashine. Kwa hilo peke yake, kifaa kimelipa gharama yake. Ila mwaka 2013 vifaa hivyo vilizimika vituo vingi, na mfumo wa kutuma matokeo ukaanguka, matokeo yakabebwa mkononi. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa KIEMS, unaotambua wapiga kura na kutuma matokeo kwa kifaa kimoja, na pamoja nao ule wimbo wa upinzani wa "fungua seva", yaani kompyuta kuu yenye matokeo ikaguliwe. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu, majaji wanne kwa wawili, ikaufuta uchaguzi wa rais. Sababu mojawapo ni kwamba tume ya uchaguzi ilitangaza mshindi kabla ya Fomu 34A, zile za matokeo ya rais kituoni, za vituo vyote kufika, kisha haikuifungua seva kama ilivyoamriwa.

Hapa kuna jambo watu huchanganya. Kuna wanaozungumza kana kwamba Kenya tunapiga kura kwa kompyuta. Hatupigi. Kura yetu ni karatasi, inahesabiwa kituoni kwa mikono mbele ya mawakala, na wakala asiyeridhika anaweza kuomba ihesabiwe tena, mwisho mara mbili. Kazi ya kifaa ni mbili tu: kukutambua unapoingia, na kutuma picha ya fomu ya matokeo usiku. Wenzetu wa Namibia walikwenda mbele zaidi, mwaka 2014 wakapiga kura kwa mashine zisizotoa karatasi. Februari 2020 mahakama yao ya juu ikasema hilo halikubaliki kikatiba. Ujerumani walifika hapo 2009, kwa hoja ninayoipenda: raia wa kawaida aweze kuukagua uchaguzi bila kuwa fundi wa kompyuta. Kifungu cha 86 cha Katiba yetu hakiko mbali na hilo, kinataka mfumo uwe rahisi, sahihi, salama, wa uwazi na unaoweza kuthibitishwa. Neno la kwanza ni "rahisi". Mafundi husahau.

Kwa hiyo mimi siko na wanaotaka turudi kwenye daftari la karatasi pekee, wala na wanaotaka tupigie kura kwenye simu. Kilichonishawishi ni kilichofanyika 2022, pale tume ilipoweka picha za Fomu 34A za vituo 46,229 kwenye tovuti, kila mwenye simu akajijumlishia. Ni kweli haikuzuia ugomvi. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hadharani. Lakini kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu halisi zililinganishwa na zile za tovuti na hapakuonekana tofauti ya maana. Mwaka 2017 ubishi ulikuwa juu ya kitu kilichofungiwa. 2022 ulikuwa juu ya kitu ambacho hata mtoto wa Kizingitini angeweza kukitazama.

Sasa niseme linaloniudhi. Uwazi huo ulikomea kwa rais. Siku ile tulipiga kura sita, na kwa Mlamu, kura ya gavana ndiyo inayoamua nani atapata basari na boti ya wagonjwa itatiwa mafuta lini. Kaunti yetu ina wapiga kura wasiofika laki moja. Mwaka 2017 Fahim Twaha alimshinda Issa Timamy kwa tofauti ndogo mno, kesi ikaenda mahakamani. 2022 Timamy akarudi kitini. Kwenye mbio za namna hiyo kituo kimoja tu kinaweza kugeuza mambo. Lakini matokeo ya gavana yako kwenye Fomu 37A, na nakala ya wazi kwa wananchi ni ile inayobandikwa kwenye mlango wa kituo. Nyingine wanazo mawakala, kama walipata nauli ya kufika. Ile halisi inasafiri. Toka Kiunga, Ndau au Faza inasafiri kwa boti, mwezi wa Agosti, na kusi linavuma.

Wanaopinga kuongeza picha za fomu nyingine wana hoja nzito. Sheria inadai matokeo ya rais ndiyo yatumwe kwa mtandao. Fomu ya rais tu ilitosha kuwatoa jasho mwaka 2017, ambapo vituo zaidi ya 11,000 vilitajwa kuwa nje ya mtandao wa kasi unaohitajika. Karani aliyekesha toka alfajiri, saa nane za usiku anapiga picha ya sita kwa taa ya simu. Akikosea tarakimu moja, picha hiyo imeshazagaa kabla hajajua. Nawaelewa. Ila makosa hayo yapo hata sasa, tofauti ni kuwa hatuyaoni. Wangeanza na 37A pekee, hata picha zikingoja boti ifike penye mtandao.

Hoja inayonisumbua ni nyingine, na aliyenipa ni mama mmoja wa upande wa Basuba. Alisema: kwenu mjini kituo kina watu mia saba, nani atajua nani alimpa nani? Kwetu kituo ni kijiji, na kijiji ni koo mbili. Fomu ikienda kwenye simu za watu, mkubwa atajua siku hiyohiyo ni kijiji gani kilimnyima, na kisima tutakisahau miaka mitano. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia mkubwa ana mawakala wake, anajua tayari; asiyejua ni sisi. Akacheka, akasema, "Basi angalau asijue kwa urahisi."

Siku ya pili baada ya uchaguzi nilipita kwenye kituo changu kuitazama ile fomu ya gavana niilinganishe na niliyosikia redioni. Upepo wa usiku ulikuwa umetangulia. Mlangoni zilibaki kona mbili za karatasi, bado zimeshikwa na gundi.