Chabo, miguu mifupi na ile robo ya mayai

Mtu akimuona Chabo mara ya kwanza lazima acheke, kuku mkia umesimama wima unazidi kichwa, mabawa yanaburuza chini, miguu kama hana. Ni kuku wa urembo wa Kijapani, na Ulaya ana wafugaji wake wa maonyesho wa miaka mingi, ila siku hizi wanaitwa watesaji. Ujerumani sheria ya kulinda wanyama ina kifungu cha 11b kinachokataza kuzalisha wanyama wenye kasoro za kurithi zinazowaletea maumivu au madhara, na jina la Chabo halikosi kwenye huo ugomvi.

Kisa ni ile miguu. Ufupi wake unatokana na jeni moja, na mwaka 2016 watafiti wa China walionyesha kwamba kuna kipande cha DNA kimekosekana pale kwenye jeni ya IHH inayosimamia ukuaji wa mifupa. Kifaranga akirithi hilo pengo kwa mzazi mmoja anatoka mfupi na anaishi. Akirithi kwa baba na kwa mama, anafia ndani ya yai, wengi wao siku ya tatu au ya nne tu.

Kwa hiyo ukisikia "robo ya mayai yanakufa" sio uongo. Lakini hebu tukae na hiyo robo kidogo maana inatupwa tupwa kama jiwe. Chukua jogoo mfupi na mtetea mfupi, mayai 12 yenye mbegu, kwa wastani 3 yanakufa, 6 wanatoka wafupi, 3 warefu. Sasa badilisha, jogoo mrefu kwa mtetea mfupi, mayai 12 yale yale: wafupi 6, warefu 6, na hiyo jeni muuaji haijaua hata mmoja. Umeona? Wafupi ni sita huku na sita kule! Vile vifo vitatu havikukuongezea hata kifaranga mmoja wa maonyesho, vimekupunguzia warefu tu. Na mrefu wala hajabeba kitu kwa siri, ukiona miguu ya kawaida ujue lile pengo hana, sio kama magonjwa mengine ya kurithi yanayojificha vizazi na vizazi afu yanakuibukia.

Ndo maana mimi naona wafugaji hawa wanaonewa. Wenye kujua kazi yao wanachanganya mfupi na mrefu, afu anatokea mtu anapigia kelele viinitete, yaani vifaranga vinavyoanza kuumbika ndani ya yai, vya siku tatu huku asubuhi kala mayai ya kuku wa kisasa ambao kaka zao walisagwa siku ile ile walipototolewa kwa sababu madume hawatagi. Ujerumani wenyewe walipiga marufuku hilo 2022 tu, na tangu 2024 sheria yao inakataza kuua kiinitete cha kuku kuanzia siku ya 13 ya kuatamiwa, maana yake kabla ya hapo wameona inavumilika. Sasa ya siku ya tatu ndo iwe ukatili?

Ila nisiwatetee mpaka nikapofuka. Wapo wachache waliorithi lile pengo kwa wazazi wote ambao hawafi mapema, wanafika karibu na kutotolewa wakiwa na viungo vilivyoharibika, hapo hoja ya siku tatu inakwama. Na aliye hai naye ana shida zake, kwenye tope au majani marefu yenye umande tumbo linalowa, na jogoo akizidi ufupi hata kupanda mtetea inakuwa tabu. Asiyekuwa na banda kavu amuache tu huyu kuku. Hapo wapinzani wana haki, ingawa hiyo ni hoja ya matunzo zaidi kuliko ya damu.

Kinachoniudhi ni kwamba bado wapo wanaooanisha wafupi watupu, na sababu yao naijua, vifaranga wanaopona wawili kati ya watatu ni wafupi, kwa hiyo hulishi warefu wengi ambao mwisho wao ni sufuria. Yaani robo nzima ya mayai imelipwa ili kuokoa pumba. Mrefu hana soko kwa sababu jukwaani anayeshindanishwa ni mfupi, basi waandaaji wa maonyesho wangemuwekea mrefu kundi lake la kushindania, awe na bei kama mwenzie, uone kama kuna atakayehangaika tena na jogoo mfupi.