Karura: pesa ya mlangoni iende wapi?

Mwishoni mwa Agosti 2025, Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) liliagiza kwamba ada zote za kuingia Msitu wa Karura, jijini Nairobi, zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, chama cha wakazi ambacho kimeshirikiana na KFS kuusimamia msitu huo kwa takriban miaka 15 na kutegemea pesa hiyo ya mlangoni kwa kazi zake, kilipinga. Mitandao ikawaka moto, suala likafika mahakamani. Waliolitazama kwa mbali waliona ugomvi wa fedha tu: ama serikali inanyakua, ama chama kina cha kuficha. Mimi naona swali lililo chini ya ugomvi huo halijasikilizwa vya kutosha, nalo ni hili: mti wa mjini, ukishapandwa, anautunza nani, na analipwa na nani?

Hoja ya serikali ina uzito. Karura ni msitu wa umma, hekta 1,041, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932. Kiingilio kinachotozwa kwenye mali ya umma ni pesa ya umma, na Kifungu cha 206 cha Katiba kinataka pesa ya namna hiyo iingie katika hazina kuu ya taifa. Tangu 2023 huduma za serikali zimeelekezwa kulipiwa kwa nambari moja, 222222. Kwa nini wakazi wa upande mmoja wa jiji wawe na mkondo wao? Tena Karura imezungukwa na mitaa ya wenye nazo: Muthaiga, Runda na Gigiri. Wapo wanaoiona kama bustani ya matajiri iliyozungushiwa ua wa umeme, na aliyezoea kukata njia humo akiokota kuni anayo haki ya kuuliza ua huo ulijengwa kwa ajili ya nani.

Nayakubali maswali hayo. Ila Kifungu hichohicho cha 206 kinaruhusu pia Bunge, kwa sheria, kuiachia asasi ya serikali pesa iliyokusanya igharimie kazi zake. Ruhusa hiyo ni ya asasi ya serikali, si ya chama cha wakazi, kwa hiyo haimalizi ubishi. Inaonyesha tu kwamba walioandika Katiba walijua kuna kazi ambazo pesa yake haifai kusafiri mbali.

Kutunza miti ni kazi ya aina hiyo. Desemba 2022 serikali ilizindua lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi kutoka asilimia 12.13 iliyopimwa 2021. Novemba 13, 2023 ikatangazwa sikukuu, watu watoke wakapande miche milioni 100 kwa siku moja. Namba hiyo ya bilioni 15 hainitoki kichwani. Ukiigawa kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja, hata mtoto mchanga, ana miti zaidi ya 300 mgongoni mwake. Lakini kinachonisumbua si ukubwa wake. Ni kwamba inahesabu kupanda. Mche unaingia kwenye hesabu siku unapofukiwa, kamera zikiwepo, na kuanzia hapo hakuna sikukuu ya kwenda kuutazama.

Ufuatilie mche huo wa Novemba. Nairobi mvua za vuli hukatika Desemba, na Januari jua linawaka. Mizizi ina majuma machache tu ya kushika udongo, na kuanzia hapo mpaka masika ya Machi mche unamtegemea mwenye ndoo. Ukivuka salama, magugu yanausubiri. Karura yapo maeneo yaliyopandwa mikaratusi zamani, mingine kwa ajili ya kuni za reli, na mkaratusi ukikatwa haujafa: kisiki kinachipua. Anayetaka miti ya asili kama muhugu, muthiga na mukinduri irudi mahali pake lazima akirudie kisiki kilekile mwaka baada ya mwaka, afyeke na lantana, kichaka vamizi kinachofunika miche. Kazi hiyo haipigwi picha. Inamtaka mtu aliyeajiriwa, mwenye panga na buti, anayelipwa mwisho wa kila mwezi.

Hapo ndipo chama kinapoeleweka vibaya. Kinachoitwa tamaa ya kushika kapu mimi nakiona kama hofu ya mwajiri. Vijana wa vijiji jirani kama Huruma wanalinda msitu huo kama maskauti, na mishahara yao imetegemea zaidi mapato ya mlangoni. Mkandarasi yeyote anayesubiri malipo ya serikali anajua Hazina inavyochelewa. Mkandarasi anaweza kukopa. Mche hauwezi kukopa maji.

Kumbukumbu nayo ina sehemu yake. Miaka ya 1990 ardhi ya Karura iligawiwa wajenzi wa binafsi, na Januari 8, 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokwenda kupanda mti langoni. Hati za umiliki zilitoka serikalini. Mwili uliokinga msitu ulikuwa wa raia. Hata baada ya msitu kuokolewa, wenyeji waliuogopa kwa miaka mingi kama maficho ya majambazi. Leo watoto wanaendesha baiskeli humo, na mbega wamerudishwa.

Nje ya ua, mti una nani? Novemba 2020, mti wa mugumo kando ya barabara ya Waiyaki Way, Nairobi, wenye umri wa karibu karne, ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya Expressway. Watu wakapiga kelele, na amri ya Rais ikauokoa. Nilifurahi kama wengine. Miti mingine mingi ya njia hiyo haikupata amri, ikaanguka.

Kwa hiyo nipo upande wa wakazi, kwa masharti. Wanaosimamia mali ya umma wachapishe hesabu zao zilizokaguliwa, zibandikwe kila lango, na mtu wa Huruma awe na sauti mezani sawa na mtu wa Runda. Ikiwa lazima eCitizen ndiyo ipokee, ipokee; ila mkataba uandike sehemu ya Karura na siku ambayo lazima iwe imerudi, katika juma lilelile, bila kupitia foleni ya mgao. Mfumo wenyewe wa eCitizen umehojiwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kwa hiyo uwazi unaodaiwa kwa chama udaiwe na huko pia.

Kwingine Nairobi, City Park na Msitu wa Ngong Road, wapo wakazi waliojitwika kazi hiihii, kwa pesa pungufu na majina yasiyojulikana. Wanaufuatilia mkasa wa Karura kwa makini, kwa sababu utawaambia kama wakishang'oa lantana kwa miaka kumi bado watakuwa na neno juu ya msitu, au wataletewa barua.