Kwa bibi au kwa mjomba: nyumba ya ndugu ikaguliwe vipi?

Matanga yakishaanuliwa, kabla wageni wa mbali hawajaondoka, ukoo hukaa. Madeni ya marehemu husomwa, nguo hugawiwa, msimamizi wa mirathi hupendekezwa. Mwishoni, watu wakiwa wameshachoka na basi la saa nane linasubiriwa, ndipo linapokuja suala la watoto: nani anamchukua nani? Nimekaa kwenye vikao hivyo kama mwanaukoo. Kwa miaka michache sasa nimekaa pia upande wa pili, kama mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu hapa Tanzania, tunaoandamana na afisa ustawi wa jamii kwenda kuona nyumba ambako mtoto anatarajiwa kuishi. Naamini kwa dhati kwamba mtoto aliyekosa malezi ya wazazi aende kwanza kwa ndugu zake. Naamini vilevile kwamba nyumba ya huyo ndugu ikaguliwe. Imani hizi mbili, ukizipeleka uwanjani, hugombana.

Wanaopinga ukaguzi wana hoja nzito, na wengi wao ni watu ninaowaheshimu. Kwetu, wanasema, mtoto hafiwi na wazazi wote hata siku moja. Ana baba wadogo, mama wakubwa, shangazi, wajomba na mabibi. Hata hilo neno la kisheria la kumlea mtoto usiyemzaa, malezi ya kambo, linawachoma masikioni: kambo ni ya mama wa kambo, na bibi anamleaje kwa kambo mjukuu aliyempokea siku alipozaliwa? Unapompelekea bibi huyo fomu na kumuuliza ana vyumba vingapi, umemfanya mgeni mbele ya damu yake mwenyewe.

Msimamo wao hauko mbali na sheria za kimataifa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unataka mtoto anayetafutiwa malezi mbadala asikatwe na makuzi yake, dini yake na lugha yake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwenye familia. Wenzetu wa Kenya wana mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwaondoa watoto kwenye makao ya watoto na kuwarudisha katika familia. Ikiwa kila ndugu atapimwa kwa kipimo cha nyumba ya vigae, watoto watabaki makaoni, maana ndugu wengi wanaojitokeza kuwachukua hawana vigae.

Jambo hili si la Afrika peke yake. Nchini Marekani kwa miaka mingi ndugu aliyetaka kulea mtoto chini ya mfumo wa serikali alitakiwa kutimiza masharti yaleyale ya mlezi asiye ndugu, hadi ukubwa wa chumba cha kulala. Septemba 2023 serikali kuu ikatoa kanuni inayoruhusu majimbo kuweka vigezo tofauti kwa ndugu. Zamani zaidi, mwaka 1979, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya dada mmoja wa Illinois aliyewachukua wadogo zake. Jimbo lilikuwa likimnyima malipo kamili ya mlezi kwa sababu tu wale watoto ni ndugu zake. Mahakama ikasema ndugu akitimiza masharti, alipwe kama wengine. Naitaja kesi hiyo kwa sababu fikra ile tunayo na sisi. Mfadhili hulipia kitanda cha mtoto makaoni, lakini shangazi aliyemtoa mtoto huyohuyo humo anaambiwa ashukuru Mungu.

Hoja ya wanaopinga ukaguzi ingekuwa imetimia kama ndugu wote wangekuwa wema. Hawako hivyo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kupigwa kulikuwa kumewapata takriban robo tatu ya vijana waliohojiwa, na waliotajwa sana kwa kupiga ni wazazi, ndugu na walimu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtaani kwetu ninawajua wasichana walioletwa mjini na shangazi kwa ahadi ya shule. Leo ndio wanaoamka wa kwanza kuwasha jiko na kulala wa mwisho baada ya kuosha vyombo. Hawaitwi dada wa kazi, kwa hiyo hawana mshahara, na hawaitwi watoto wa nyumba ile, kwa hiyo hawana sare.

Kisa kinachonirudia kila ninaposikia "yuko kwa ndugu yake, ameshapata kwao" ni cha Victoria Climbié. Alizaliwa Ivory Coast mwaka 1991. Shangazi wa baba yake, Marie-Thérèse Kouao, aliwaomba wazazi wake ampeleke Ulaya akasome. Wazazi wakakubali, kama ambavyo wazazi wengi wa huku wangekubali. Walipita Ufaransa, wakafika London mwaka 1999. Tarehe 25 Februari 2000 mtoto huyo alikufa, akiwa na umri wa miaka minane na majeraha 128 mwilini. Shangazi na mwanamume aliyekuwa akiishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitoka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo maofisa wangeweza kumwokoa. Kuna sehemu katika ripoti hiyo inayotuhusu sisi moja kwa moja: ilionekana kwamba mtoto alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya shangazi yake, na hilo likachukuliwa kuwa ni heshima kwa wakubwa, jambo la kawaida katika familia zenye asili ya Kiafrika.

Ilikuwa hofu, maofisa wakaiita adabu. Nasi tunaokagua tunaweza kukosea hivyohivyo, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa sisi wenyewe tumelelewa kusimama na kuinamisha macho mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo mimi siko na wanaotaka ndugu asiguswe. Siko pia na ukaguzi kama tunavyoufanya. Nitoe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili familia isitambulike. Mvulana wa miaka tisa alifiwa na mama. Baba hajulikani alipo. Waliojitokeza ni wawili: mjomba mwenye nyumba nzuri ndani ya uzio, na bibi mzaa mama, anayepanga chumba kimoja na kuuza vitumbua, ambaye mtoto alikuwa kwake tangu siku ya mazishi. Kwa mjomba tulionyeshwa chumba chenye kitanda kipya, godoro likiwa bado ndani ya nailoni. Kwa bibi tulikaa mkekani. Chandarua kilikuwa kimepigwa mafundo palipotoboka, na ndoo mbili za maji zimefunikwa kwa sinia. Fomu ikajazwa. Kwa mjomba: makazi yanaridhisha. Kwa bibi: hayaridhishi.

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba begi la shule la mtoto lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlangoni, na ndani yake hamkuwa na madaftari tu bali na nguo zake zote. Bibi alisema kila jioni akizianua kwenye kamba, mtoto anazikunja na kuzirudisha humo. Fomu haikuwa pia na mahali pa kuandika kwamba kwa muda wote tuliokaa kwa mjomba, kiwanja cha marehemu kilitajwa mara tano na shule ya mtoto haikutajwa hata mara moja. Simhukumu mjomba. Mtu anaweza kutaja kiwanja kwa kuogopa kisije kikauzwa na wengine. Lakini hilo lilipaswa kuulizwa, na hatukuuliza, kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye dari.

Ninachokiamini sasa ni kwamba kwa ndugu, vigezo vya nyumba vilegezwe, ila vigezo vya watu wanaoishi ndani yake visilegezwe hata kidogo. Chumba kimoja si kosa. Choo cha nje si kosa. Neti iliyotoboka ni neti ya kununuliwa nyingine, na kaya kama ya bibi yule ndiyo ya kuelekezwa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, badala ya kuandikiwa "hayaridhishi". Lakini nani mwingine analala humo? Kijana wa bamdogo anayekuja mwisho wa wiki analala wapi? Nani atamwogesha mtoto akiugua? Akikojoa kitandani anafanywa nini? Majirani husikia nini usiku? Hayo hayajibiwi na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, ambayo mara nyingi husema tu kwamba mhusika ni mkazi na anafahamika.

Na mtoto aulizwe, peke yake, mbali na sebule. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kuwa ana haki ya kutoa maoni yake, lakini ziara nyingi nilizohudhuria mtoto aliitwa, akasalimia, akaambiwa arudi kucheza. Wapo watakaosema mtoto wa miaka tisa hajui limfaalo, naye anaweza kumchagua anayempa soda. Ni kweli. Ndiyo maana neno lake liwe moja kati ya mengi. Lisikosekane tu.

Lipo jambo jingine ambalo nadhani lingepunguza nusu ya hatari: mlezi na msimamizi wa mirathi wasiwe mtu mmoja panapowezekana. Marehemu akiacha kiwanja au mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mtoto hugeuka ufunguo wa mali, na anayeushika hataki kuuachia hata kama mtoto hampendi. Waislamu wanajua jinsi Surat An-Nisaa inavyokemea ulaji wa mali ya yatima. Mahakama ya mwanzo inaweza kumteua ndugu mwingine asimamie, na anayelea alee.

Gharama ya haya yote ni muda, na muda ndio tusio nao. Afisa ustawi mmoja anaweza kubeba kata kadhaa, na nauli ya ziara ya pili mara nyingi haipo. Wanaosema ukaguzi mrefu humweka mtoto njia panda wanasema kweli. Uingereza wamejaribu kulitatua kwa kuruhusu mtoto akae kwa ndugu kwa idhini ya muda, kwa kawaida wiki 16, huku uchunguzi kamili ukiendelea. Kwetu hata bila kanuni mpya inawezekana: mtoto aende kwa ndugu leo, baada ya maswali yale ya msingi kuhusu watu, kisha ziara ziendelee, nyingine bila taarifa. Ziara moja yenye miadi huona nyumba iliyofagiliwa.

Yule mvulana alibaki kwa bibi. Tulipomweka faraghani alisema maneno machache, nami sitayaandika hapa. Mjomba, na hili namshukuru, alikubali kumlipia mahitaji ya shule, na shangazi anayeishi mkoa mwingine ndiye aliyependekezwa kusimamia kiwanja. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, bibi aliuliza, "Sasa mtanirudia lini, au ndiyo mmeshamaliza?" Afisa aliniangalia. Tukafungua tena daftari la kamati palepale kwenye baraza, tukaandika Jumamosi, wiki sita mbele, asubuhi, mtoto akiwa hayuko shule.