Pesa za Utafiti za Ulaya Zinamtaka Mhasibu Kabla ya Profesa

Barua pepe ya aina hii naijua kabla sijaifungua. Huingia Alhamisi jioni, watu wakiwa wameshaanza kuwaza foleni ya Thika Road. Anayeandika ni profesa wa chuo fulani cha Ulaya, mpole kweli, na anasema wana pendekezo la mradi kuhusu ufugaji na mabadiliko ya tabianchi. Wangependa chuo chetu kiwe mshirika. Makataa ni Jumanne. Anaomba namba ya usajili ya chuo kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya (chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ndicho hutoa pesa hizi), bajeti, na aya mbili kuhusu kazi ya nyanjani nchini Kenya. Kazi ya nyanjani! Yaani tumeshapangiwa zamu kabla ya kuulizwa tunaweza nini.

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya utafiti ya chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza tatu, na printa iliyogoma kila mvua iliponyesha. Barua kama hiyo ilipotufikia mara ya kwanza, tulimaliza siku mbili tukitafuta kama chuo kina hiyo namba. Kumbe kilikuwa nazo mbili. Idara mbili zilikuwa zimekisajili chuo kila moja kivyake, miaka tofauti, na mojawapo ilitumia barua pepe ya mhadhiri aliyestaafu akarudi kwao kulima. Namba yenyewe ni ya tarakimu tisa tu, na bila hiyo hata jina la chuo haliingii kwenye fomu. Jumanne ilipofika tulikuwa tumeipata. Kilichokuwa hakijapatikana ni sahihi ya mkubwa aliyekuwa safarini Mombasa.

Ndiyo maana nasikia uchovu kila nikialikwa kwenye warsha ya kuwafundisha maprofesa namna ya kuandika mapendekezo. Hoteli Naivasha, chai saa nne, vyeti Ijumaa. Maprofesa wetu wanajua kuandika. Pesa hizi tunazikosa kwa sababu hatuna mhasibu anayezielewa, karani anayejua faili iko wapi, na mtu mmoja mwenye idhini ya kutia sahihi mkubwa akiwa hayupo. Chuo kinachotaka kunufaika kianze hapo.

Mfuko wenyewe si mdogo. Horizon Europe, mpango mkuu wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, ulianza 2021 na unakwisha 2027, na ulipoanza ulitengewa yuro bilioni 95.5. Ukizihesabu kwa shilingi 150 kwa yuro unapata zaidi ya trilioni 14, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya bajeti ya serikali yetu kwa mwaka mmoja. Msikimbie na hesabu hiyo lakini. Sehemu kubwa inabaki Ulaya kwenyewe, na kanuni ya kawaida inataka mradi wa ushirika uwe na angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu za Umoja huo au nchi zilizojiunga na mpango, moja wapo ikiwa ndani ya Umoja wenyewe. Sisi tunaingia juu ya hao watatu.

Ila tunaingia na haki ambayo wengi hapa mjini hawaijui. Kenya imo kwenye orodha ya nchi ambazo taasisi zake hupewa pesa moja kwa moja zikiwa ndani ya mradi ulioshinda. China, India na Brazil hazimo. Chuo cha Beijing kikiingia, kwa kawaida kinajilipia. Chuo cha Nairobi kinalipwa. Zaidi ya hapo, miito mingine, yaani matangazo ya kuomba mapendekezo, huandikwa kwa ajili ya ushirikiano na Afrika hasa, katika afya, chakula, nishati na tabianchi. Kwa upande wa magonjwa kuna EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na nchi zinazoendelea wa majaribio ya tiba, iliyoanza 2003 kwa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, na ambayo awamu yake ya sasa Umoja wa Ulaya uliiahidi yuro milioni 800. Huko pendekezo lisilo na mshirika wa kusini mwa Sahara mara nyingi halina pa kwenda. Kwa hiyo yule profesa mpole wa Alhamisi jioni anatuhitaji pengine kuliko tunavyomhitaji. Tunamjibu kama tunaomba fadhila.

Kuna asilimia 25 ambayo ningeibandika kwenye mlango wa kila Naibu Chansela. Katika miradi mingi ya Horizon Europe, juu ya gharama za moja kwa moja, yaani mishahara, safari, vifaa, chuo hupewa robo nyingine ya kugharimia mambo yasiyoonekana: stima, intaneti, ofisi, mlinzi getini. Kazi uliyompa mkandarasi wa nje haihesabiwi, lakini gharama nyingine nyingi zinahesabiwa. Na robo hiyo haidaiwi risiti. Mradi ukikuletea yuro 200,000 za kazi, unapata 50,000 nyingine juu yake, karibu shilingi milioni saba na nusu. Hizo zinatosha kumwajiri mhasibu wa miradi miaka kadhaa na kumnunulia printa isiyoogopa mvua. Niliwahi kuuliza robo ya mradi wetu mmoja ilikwenda wapi. Nilijibiwa, kwa upole vilevile, kwamba iliingia kwenye chungu kikuu. Basi. Idara iliyotoa jasho haikuona hata kalamu, na mradi uliofuata mhadhiri mwenye akili alishauriana na shirika la nje ya chuo alikojua pesa hazitapotelea chunguni.

Chungu hicho kilituumiza mara nyingine vibaya zaidi. Pesa za awali hutumwa kwa mratibu wa mradi, naye huwagawia washirika. Fungu letu lilifika mwezi ambao mishahara ya wafanyakazi ilikuwa imechelewa. Likaingia akaunti kuu, likakaa. Mtafiti wetu alihitaji kupima malisho kule Kajiado Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Alipanda ghorofa ya fedha karibu kila siku, akirudi anasema tu, "Wanasema wiki ijayo." Pesa zilipotoka ilikuwa katikati ya Machi. Nilikwenda naye. Tulikuta nyasi changa, matope hadi kwenye kifundo cha mguu, na mzee mmoja mwenye ng'ombe wachache akatuuliza kwa heshima zote, "Sasa wanangu, ukame mnaoutafuta si umeshakwenda?" Mwaka uliofuata mratibu alihamisha sehemu ya bajeti yetu kwa mshirika mwingine. Hakutukemea. Wazungu wa miradi hawakemei, wanarekebisha jedwali.

Dawa yake ni akaunti ya mradi inayojitegemea, na inaweza kufunguliwa kwa uamuzi wa kikao kimoja. Haihitaji msaada wa mtu yeyote kutoka Brussels.

Sasa suala la posho, maana ndilo huvunja urafiki. Mhadhiri wetu akisikia mradi umeshinda anasikia nyongeza ya mshahara. Kumbe pesa za watumishi katika miradi hii, kimsingi, hukirudishia chuo mshahara kinachomlipa tayari, kwa siku alizoufanyia mradi kazi. Tume inauhesabu mwaka wa kazi kuwa siku 215, na kila mwezi mtu atie sahihi siku zake, mkuu wake naye atie. Nyongeza kwa kazi ya mradi inawezekana, mradi kanuni za chuo ziwe zimeiandika na zitumike kwa wote. Chuo chetu hakikuwa na kanuni kama hizo. Basi watu walijaza fomu za mwaka mzima alasiri moja ya Desemba, kalamu moja ya bluu, mwandiko uleule kutoka Januari hadi mwisho. Mkaguzi wa hesabu alizitandaza mezani kama karata, akaziangalia, akaangalia dirishani. Kisha akaniuliza huyu daktari alifanyaje kazi siku ya Krismasi.

Mkaguzi huyohuyo alikuja kwenye risiti za bodaboda. Nyanjani hakuna mashine ya risiti. Mwenye pikipiki anakuandikia kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, "Nimepokea 400", na jina la utani. Nilidhani tumekwisha. La, akasema, karatasi si tatizo. Anachotaka ni kanuni ya chuo iliyoandikwa inayosema usafiri wa aina hii huthibitishwaje, kwa sababu Tume inafuata utaratibu wa kawaida wa chuo chenyewe. Niliitafuta kanuni hiyo wiki nzima. Iliyokuwepo ilitaja nauli ya garimoshi la daraja la pili. Tulipoteza pesa kwa kukosa ukurasa mmoja. Waliokuwa wameomba malipo kwa M-Pesa na kuhifadhi ujumbe walipona zaidi kuliko sisi wa madaftari.

Na karatasi hizo lazima zitunzwe miaka mitano baada ya malipo ya mwisho. Nenda stoo ya chuo chako uone kama panya wamesoma kanuni hiyo.

Siku hizi miradi mingine inalipwa kiasi cha jumla kilichokubaliwa mapema, bila kudai risiti moja moja. Niliona watu wakishangilia. Taratibu. Katika mtindo huo, unalipwa fungu la kazi, yaani sehemu moja ya mradi, likikamilika. Mshirika mmoja akichelewa, fungu lote linangoja, na wenzake wote wanangoja naye. Ukiwa mratibu kule Ulaya, utamchagua tena yule aliyewacheleweshea wengine? Kwa hiyo mtindo huu unaotuondolea risiti unaweza kutufungia mlango kabisa, kama ghorofa ya fedha itabaki ilivyo.

Nijibu na lile pingamizi ambalo jamaa zangu wa Kenyatta Avenue hunipigia kila tukinywa chai: kwamba ajenda ya utafiti inaandikwa Brussels na sisi tunawakusanyia wengine takwimu. Ni kweli, kwa sehemu. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliupangia Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka, na kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Asiyepika kwake hula kilichopikwa kwa jirani. Lakini hata kwa jirani kuna anayekaa mezani na anayengoja mlangoni. Miito hutangazwa mapema, mingine miezi mingi kabla ya makataa. Chuo chenye mtu wa kuisoma kinaweza kumwandikia profesa wa Ulaya kwanza, kikamwambia tuna swali hili, tuna takwimu hizi za miaka kumi, tunataka kuongoza fungu la kazi namba tatu. Anayeingia wakati huo huandika swali la utafiti. Anayeingia Alhamisi ya mwisho hupewa aya mbili za nyanjani, na makosa ni yake.

Kuna vitu havifunguki kwetu hata tukijipanga. Ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya zinamtaka mtafiti awe na taasisi mwenyeji katika nchi ya Umoja huo au iliyojiunga. Mkenya anaweza kushinda, ila si akiwa na maabara yake Nairobi tu. Ndiyo sababu naipenda sana ARISE, ruzuku ya watafiti wa Afrika inayosimamiwa na Akademia ya Sayansi ya Afrika yenye makao hapahapa Karen, kwa yuro milioni 25 za Umoja wa Ulaya: mtafiti kijana anaongoza kazi yake akiwa Afrika. Na zile za Marie Skłodowska-Curie, zinazowahamisha watafiti kwa miezi au miaka, watu wanaziogopa kwamba zitatuibia vijana. Zingine huwapeleka, ndiyo. Ila ipo ya kubadilishana wafanyakazi, na watu wa utawala wanaohusika na mradi nao wamo. Mimi ningempeleka mhasibu.

Faida nyingine ndogo niliiona kwa wanafunzi wa uzamifu: makala za kisayansi zinazotokana na miradi hii lazima zisomeke bure mara tu zinapochapishwa. Kwa maktaba isiyoweza kulipia majarida, hilo si jambo dogo.

Makataa huwa saa kumi na moja jioni ya Brussels. Wakati wa baridi yao ni saa moja usiku hapa, wakati wa joto lao saa kumi na mbili jioni. Mara ya mwisho nilipokuwa ofisini tulituma saa moja kasoro dakika tisa, stima ikiwa imepotea, kwa intaneti ya simu ya karani wetu. Alitununulia data kwa pesa zake, na alipoomba arudishiwe aliambiwa alete risiti.

Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza yuro bilioni 175 kwa mpango utakaofuata, 2028 hadi 2034. Ya karani wetu ilikuwa shilingi 250, na anaidai hadi leo.