Kubiti elfu tano na njia elfu kumi za chembe

Mashine ya LHC, kiongeza kasi cha chembe kilichoko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, hupishanisha vifurushi vya protoni kila nanosekunde 25. Itakapokwisha kuongezewa nguvu, mpishano mmoja utaweza kuzaa migongano 200 kwa mpigo, na kigunduzi kibaki na alama kama 100,000 zinazotakiwa kuunganishwa ziwe njia za chembe zipatazo 10,000. Kazi hiyo hula muda mwingi wa kompyuta, ndiyo maana wanafizikia wanazitupia jicho kompyuta za kwanta, zinazokokotoa kwa kubiti, yaani biti za kwanta, badala ya biti za kawaida.

Hoja yao ina msingi. Chukua alama tatutatu zinazofuatana. Kila utatu hupewa 1 ukibakizwa, 0 ukitupwa. Seti mbili za namna hiyo zinazoendelezana kwa mpindo mmoja hupunguza nishati, yaani alama ya gharama ya mpangilio mzima. Zinazogombea alama ileile huiongeza. Mpangilio wenye nishati ndogo kuliko yote ndio jibu, na mashine za kampuni ya D-Wave ziliundwa kutafuta hilo hasa, kwenye chipu iliyopoozwa hadi milikelvini 15 hivi. Jaribio moja huweza kwisha kwa mikrosekunde 20.

Mikrosekunde hizo ndizo hutangazwa. Kinachoachwa ni kompyuta ya kawaida iliyotangulia kuunda seti hizo za alama tatutatu, kuzichuja na kukokotoa uzito wa kila jozi. Kisha kuna chipu yenyewe: Advantage, mashine ya D-Wave, ina kubiti zaidi ya 5,000, lakini kila moja imeungana na majirani 15 tu. Utatu wenye wapinzani wengi kuliko hao hubebwa na mnyororo wa kubiti kadhaa. Mnyororo ukilegea, kubiti zake hutoa majibu yanayopingana. Ukikazwa mno, humeza tofauti ndogo za uzito zinazotenganisha njia halisi na ya bandia. Hivyo tatizo hukatwa vipande na programu ya kawaida, na hapo ni vigumu kusema nani kafanya kazi. Majaribio ya 2019 kwa data za TrackML, shindano la kuunganisha njia za chembe, yalikwenda vizuri chembe zikiwa chache. Zilipoongezeka, njia za bandia nazo ziliongezeka.

Mashine za milango ya kwanta, aina nyingine inayokokotoa hatua kwa hatua, hazijaokoa jahazi: kila tabaka la milango huongeza makosa.

Penye nafuu ni kwingine. Mwaka 2017 mashine ya kubiti 1,098 ilitumika kutenga chembe ya Higgs inayovunjika kuwa fotoni mbili, kwa kuchagua miongoni mwa vipambanuzi dhaifu 36, yaani vipimo ambavyo kila kimoja peke yake hubagua kwa udhaifu. Tatizo hilo linaenea kwenye chipu, hutatuliwa mara moja bila kukimbizana na migongano, na hata majibu yanayokaribia bora yana faida, kwani huunganishwa kuwa kipambanuzi kimoja. Data za mafunzo zilipokuwa chache, mbinu hiyo ilizipita kidogo zile zilizozoeleka. Ila upoozaji wa kuigiza, yaani programu ya kompyuta ya kawaida inayotafuta nishati ndogo kwa kuiga kupoa polepole, ulikwenda nayo sambamba.

Kwa hiyo anayedai kasi aonyeshe muda wote, tangu alama ghafi hadi njia iliyokamilika, na kando yake matokeo ya upoozaji wa kuigiza kwa tatizo lilelile.