Loki ya difu kwenye mteremko mkali: kuipiga au kuiacha?

Madereva wengi wa njia za milimani wamezoea kwamba loki ya difu, ile inayoyafunga magurudumu ya kushoto na kulia ya ekseli moja yazunguke pamoja, ni ya kupandia. Ukishafika juu unaizima, maana kushuka hakuhitaji nguvu. Wengine hufanya kinyume: huipiga kabla ya kila mteremko na hawaigusi mpaka wafike chini. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinaamua mapema mno, kabla hata ya kuiangalia njia yenyewe.

Nianze na wanaoipiga, kwa sababu hoja yao haieleweki vizuri. Kwenye mteremko mkali, kinacholishikilia gari hasa ni injini. Ukiwa kwenye 4L (magurudumu yote manne, gia nzito), gia ya kwanza, mguu umetoka kwenye klachi, injini inakataa kukimbia na ukinzani wake unapita kwenye shafti hadi kwenye magurudumu. Njiani unakutana na difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya ekseli, na kiasi chake hakizidi kile ambacho gurudumu lenye mshiko mdogo linaweza kubeba. Tunalikumbuka hilo tunapopanda na tairi moja ikazunguka bure. Tunasahau kwamba ni hivyo hivyo tunaposhuka.

Chukua njia iliyochimbwa na maji, mtaro ukiikata mshazari. Gurudumu la mbele kushoto linaning'inia juu ya shimo, na la nyuma kulia nalo linakosa uzito. Kila ekseli sasa ina gurudumu moja lisiloshika kitu. Hayo mepesi yanasimama, au hata yanazunguka kinyumenyume, huku yale yaliyo ardhini yakiongeza kasi, wakati mlio wa injini haujabadilika. Gari linachomoka ghafla ingawa uko 4L, na mguu unakimbilia breki palepale ambapo breki ni hatari zaidi. Ukiwa umepiga loki ya nyuma, gurudumu la ardhini haliwezi kumpita mwenzake, kwa hiyo injini inaendelea kulishika. Hata breki ya tairi iliyo hewani haipotei bure. Nguvu yake inavuka ekseli na kumsaidia mwenzake.

Kufungwa huko huko ndiko kunakowapa hoja wanaoiacha. Tairi inayoviringika hupinga kusukumwa upande, inayoburuzwa haipingi. Kwenye ekseli isiyofungwa, injini ikizuia sana, tairi moja huteleza kwanza na ya pili ikabaki inaviringika, ikiishikilia nyuma ya gari mahali pake. Ukiifunga, zinateleza zote mbili kwa pamoja. Ongeza kwamba pua ikiwa chini uzito umehamia mbele na nyuma ni nyepesi. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa, wenye mwinamo wa upande, nyuma inaserereka kuelekea bondeni, gari linakaa ubavu kwenye mteremko, na magari mengi hupindukia hapo. Kona nazo ni tatizo, kwa sababu ekseli iliyofungwa hutaka kwenda moja kwa moja: kwenye tope inalisukuma gari nje ya njia, na kwenye mwamba mkavu inazikaza shafti za magurudumu bila sababu.

Kuna pia suala la umeme. Katika magari mengi, kupiga loki ya nyuma huzima ABS, inayozuia matairi yasigande ukifunga breki, na mfumo wa kuzuia gari lisiserereke. Mfumo wa kushuka mlima wenyewe, ambao Land Rover iliuanzisha kwenye Freelander mwaka 1997, hufanya kazi kwa kubana breki ya kila gurudumu peke yake. Ekseli ikifungwa, uhuru huo unaondoka. Mwenye gari la namna hiyo asidhani anaongeza ulinzi juu ya ulinzi. Mara nyingi anabadilisha mmoja kwa mwingine.

Kuhusu loki ya mbele sioni ubishi mkubwa. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba uzito na kuongoza, na ukiyafunga usukani unakuwa mzito na gari linakataa kukata kona. Hata Mercedes-Benz G, yenye loki tatu, inazipanga kwa mfuatano: ya katikati (kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ya nyuma, na ya mbele mwisho kabisa.

Msimamo wangu basi ni huu: mteremko ulionyooka, wenye mashimo na ngazi za mawe, unaonyanyua matairi, piga loki ya nyuma. Mteremko laini, telezi, wenye mwinamo wa upande au kona, iache. Pagumu ni pale penye mashimo na utelezi pamoja. Hapo naangalia kina cha mitaro: ikiwa imeyameza matairi kiasi cha kuyazuia yasihame upande, loki inasaidia. Ikiwa ni ya juujuu, afadhali kupanga mawe mtaroni kuliko kuitegemea swichi.

Haya yote huamuliwa juu, kwa miguu, gari likiwa limesimama. Piga loki pakiwa tambarare, sogea kidogo, subiri taa iache kumweka na itulie. Kuipiga katikati ya mteremko, magurudumu yakizunguka kwa kasi tofauti, kunaweza kuvunja meno yake au shafti. Nyuma ikianza kuserereka, elekeza pua bondeni, achia breki na gusa mafuta kidogo ili matairi yaanze kuviringika. Woga utakuambia ukanyage breki, kwa hiyo lifanyie mazoezi jambo hili kwenye mteremko mfupi usio na korongo chini yake.

Ukifika chini, izime kabla ya kona ya kwanza. Taa ikigoma kuzimika, ekseli bado imekazwa: nyoosha usukani, rudi nyuma hatua chache, sogea mbele tena, nayo itaachia.